Sahani ya Mkwe: Miaka Yangu Kwenye Mashine ya Ubongo

Hapana, mashine yangu haikuona mawazo. Nalisema hili mapema kwa sababu kila kijana anayekuja kunitembelea hapa Kasungami, akisikia kwamba nilifanya kazi ya kupima umeme wa ubongo, hukaa mbali kidogo na kuniangalia kwa jicho la pembeni, kana kwamba naweza kusoma alichokifanya jana. Sikuwahi kusoma wazo la mtu. Nilisoma mistari. Na kabla ya kupata mstari mmoja wa maana nilifua vitambaa, nikachanganya chumvi, nikasugua vichwa vya watu, nikabembeleza watoto waliodhani wanaletwa kunyongwa.

Ninyi mnaoanza uuguzi leo mna vioo vya kompyuta. Sisi tulikuwa na kalamu nane za wino zilizotikisika juu ya karatasi ndefu ya kukunjwa, na zilikwaruza kwa sauti. Baada ya miaka miwili niliweza kufumba macho nikajua kwa masikio tu kwamba mgonjwa amelala, maana mkwaruzo unapunguza mwendo na kuwa mzito. Wenzangu walisema najigamba. Nilikuwa najigamba, lakini nilichosema kilikuwa kweli.

Aliyenifundisha ni Papa Mbuyi, muuguzi mkuu wa huduma yetu ya magonjwa ya akili na neva, katika hospitali moja ya Lubumbashi ambayo haina haja ya kutajwa. Alikuwa mtu mfupi, shemasi kanisani kwao, na koti lake jeupe lilipigwa pasi ya makaa hata majuma ambayo hospitali haikuwa na umeme. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kutafuta kazi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na Kasai alikuwa hajawahi kuiona kwa macho. Likumbukeni hilo.

Wiki yangu ya kwanza niliona kalamu zote nane zinarukaruka kama zimepagawa. Nikakimbia kumwita. Akaja bila haraka, hakuitazama karatasi kabisa, akamwinamia mgonjwa.

"Mama, tosha ile kintu iko mu kinywa."

Mama yule akatoa chingamu. Kalamu zikatulia.

"Odette," akaniambia, "ile haiko ubongo. Ni mataya. Utazame muntu mbele ya kutazama karatasi."

Hilo ndilo fundisho la kwanza, nanyi lichukueni bure. Umeme wa ubongo ni mdogo sana. Ukikunja uso, ukipepesa macho, ukikaza shingo, misuli inapiga kelele na kuufunika. Na hata ukipata mstari safi, usidhani umesikia neva moja. Ni kama mtu aliyesimama nje ya kanisa: anajua kama ndani wanaimba au wananyamaza, lakini hawezi kujua nani ameanza wimbo.

Mengine niliyojifunza ni ya jikoni zaidi kuliko ya chuoni. Uji wa kubandikia vipimo kichwani uliokuwa unatoka ng'ambo ulipokwisha, tulitengeneza wetu kwa unga wa muhogo na chumvi. Ukiwa mwepesi unatiririka mpaka sikioni, ukiwa mzito unakauka na kubanduka kama magamba. Mgonjwa mmoja alirudi kwao akasimulia kwamba hospitali yetu inatibu kichwa kwa kukipaka bukari, ugali wetu, na jumapili iliyofuata walikuja watu watatu kuuliza kama tunauza. Wanawake wenye misuko niliwatumia habari wiki moja kabla: njoo umefumua, umeosha, usipake mafuta. Mama mmoja wa mtaa wa Golf alikuja na wigi na akakataa kulivua mbele ya mwanamume. Nikamfukuza Papa Mbuyi chumbani kwake mwenyewe, naye akatoka, akasimama ukumbini muda wote wa kipimo akiuliza kupitia tundu la ufunguo kama mistari inatembea vizuri.

Sasa nije kwenye kosa langu. Lilitokana na neno moja tu, mshipa.

Kiswahili chetu ni kitajiri, lakini hapo kilibana matumizi. Kinachopitisha damu ni mshipa. Kinachopitisha habari kutoka ubongoni hadi kidoleni, nacho ni mshipa. Mgongo ukikaza, mshipa. Mtu akikasirika, mishipa imemsimama. Madaktari walitumia Kifaransa wakapita salama, na sisi tuliobaki na familia za wagonjwa ndio tuliolazimika kusema kitu.

Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe aitwaye Dédé, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa fundi wa redio. Dédé alikuwa akimeza vidonge vya Valium kila siku na kuvisindikiza na lutuku, pombe kali ya mahindi inayotoneshwa kwenye mapipa. Alikuja anapepesuka, ulimi mzito, anacheka peke yake. Mama akaniuliza kijana amefanya nini. Nilikuwa nimevaa koti jipya siku hiyo na nilipenda kuulizwa.

"Mama, ile dawa ilishaingia mu mishipa."

"Mu mishipa yote?"

"Yote."

Akanishukuru sana. Hakumngoja daktari. Akampeleka kijana kwa mzee mmoja wa kuumika, wale wanaochanja ngozi na kunyonya damu kwa pembe, akamnyang'anya vidonge vyote na pombe yote siku hiyo hiyo. Siku ya nne walimrudisha juu ya mkokoteni. Ameuma ulimi, mwili unakakamaa, unatikisika, unalegea, kisha unaanza upya kabla hajafumbua macho. Kifafa juu ya kifafa. Papa Mbuyi na daktari walimchoma sindano ya dawa ya jamii ile ile aliyonyang'anywa, polepole, wakihesabu pumzi zake. Mama yake alikaa ukumbini na chupa ya damu nyeusi mapajani.

"Mulisema iko mu mishipa," akaniambia. "Tulitosha."

Alikuwa ameileta ili nione kwamba amefuata maneno yangu.

Dédé alipona. Ulimi wake ulibaki na kovu, na redio yangu aliitengeneza mara mbili baadaye bila kuniuliza chochote. Lakini siku ile sikuwa najua kama ataamka, na Papa Mbuyi hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Kesho yake aliweka viti viwili katikati ya chumba, vikiangaliana, na sakafuni kati yake sahani ya bati.

"Odette, kwenu, mama mukwe anamupatiaka mukwe wake chakula mu mukono?"

"Hapana, Papa. Anaweka chini, anaenda. Kisha mukwe anakuya anakamata."

"Juu ya nini?"

"Juu ya heshima. Ni bukwe."

"Bon. Na ubongo njo vile. Ikaa."

Nawapa maelezo yake kama alivyonipa, kwa Kiswahili cha kuandikia. Kila seli ya neva ni nyumba. Habari ikiingia inasafiri ndani ya nyumba hiyo kama umeme, kutoka mlango wa nyuma mpaka mlango wa mbele. Lakini nje ya mlango wa mbele hakuna waya. Kuna nafasi ndogo sana, hata darubini za kawaida haziioni, na ng'ambo yake ndiyo nyumba ya neva ya pili. Nafasi hiyo inaitwa sinapsi. Neva mbili hizo hazigusani, zina bukwe. Ya kwanza inaweka kemikali katika ile nafasi, kama sahani chini. Ya pili ina vipokezi vinavyoitambua sahani yao na kuiacha ya jirani. Ikishapokea, huwasha umeme wake au huuzima, kulingana na sahani. Kisha sahani lazima iondolewe. Ama aliyeileta anairudisha kwake, ama inavunjwavunjwa pale pale. Isipoondolewa, mkwe atadhani chakula bado kinaletwa.

Sahani ni nyingi. Iko ya kusema amka, inaitwa glutamati. Iko ya kusema nyamaza, inaitwa gaba. Iko dopamini, ambayo husema: hiki kilikuwa na faida, kikumbuke, kirudie. Ubongo ukiwa mzima, amka na nyamaza wanashindana siku nzima wala hakuna anayeshinda.

"Sasa," akasema, "mulevi anafanya nini? Analeta kintu mupya?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Dawa za kulevya haziongezi chumba ndani ya nyumba. Zinaharibu desturi ya sahani iliyokuwepo. Bangi inajifanya sahani, kwa sababu ubongo unatengeneza kemikali zake zinazofanana nayo na tayari una vipokezi vinavyozingoja. Nikotini ya sigara nayo inajifanya sahani ya watu. Kokaini, ambayo wakati ule tuliijua vitabuni tu, inamzuia anayeondoa dopamini, basi sahani zinarundikana na mkwe anasherehekea karamu ambayo hakuna aliyeipika. Lutuku, Valium na Gardenali, zile dawa za kifafa na usingizi, kila moja inaingia kwa mlango wake, lakini zote zinampa nguvu nyamaza. Ndiyo maana mtu hulegea, husahau, hulala. Ukizichanganya, nyamaza anaweza kufika mpaka kwa neva zinazoamuru kupumua, nazo zikamtii.

Halafu akaja kwa Dédé. Nyamaza akiletwa maradufu kila siku, mkwe si mjinga. Anapunguza anachopokea, na upande wa amka unaongeza sauti ili usikike. Baada ya miezi nyumba imezoea hivyo, na mtu anahitaji dawa ili tu awe kama alivyokuwa mwanzo. Sasa mwondolee dawa yote siku moja. Nyamaza amebaki mdogo, amka amekuwa mkubwa, na nyumba zote zinapiga kelele kwa pamoja. Hicho ndicho kifafa nilichokiona juu ya mkokoteni.

"Haukumuroga," Papa Mbuyi akaniambia. "Ulimufungia mulango moya kwa moya. Tunapunguza, hatukate. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Na ile neno mishipa, ulize kwanza: ya damu ao ya habari?"

Tangu siku hiyo aliniita mukwe, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Chai yake niliiweka juu ya kigoda na kuondoka kwa magoti yaliyokunjwa, wanafunzi wakicheka. Yeye naye aliniwekea funguo, barua, penseli nyekundu, chochote, akageuka na kutazama dirisha mpaka nichukue. Utani wa kazini ni kitu kidogo, lakini kwa miaka mingi sikumbuki kama tulipeana kitu mkono kwa mkono.

Kisha nchi ikaanza kuporomoka. Mnayo habari hiyo kwa wazazi wenu, sitairefusha. Mishahara ilisimama, madaktari wakaondoka mmoja mmoja, tukabaki sisi tuliokosa pa kwenda. Siku za uporaji walipita askari kwanza, raia wakafuata na mikokoteni. Walibeba magodoro, milango, hata bakuli zetu za uji wa chumvi. Chumba cha mashine kiliponea kwa sababu Papa Mbuyi alikuwa ameandika mlangoni kwa chaki: "Wazimu unaoambukiza. Usiguse." Niliona kwa macho yangu mtu mwenye nondo mkononi akisoma maneno yale kwa kuyatamka, akarudi nyuma hatua mbili, akaomba radhi kwa mlango. Lakini katoni za karatasi zilikuwa stoo, na stoo haikuwa na maandishi.

Mwezi uliofuata nilinunua karanga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na zilifungwa kwa karatasi yenye mistari minane. Nikaikunjua. Mawimbi ya usingizi, mazuri, yamepangika. Nikamwambia mwenye karanga kwamba mtu huyu alilala vizuri. Akanipunja kipimo kwa kudhani nimelewa.

Tulibaki na boksi moja la karatasi, na tukalitumia kwa uchoyo. Kila jumatatu tulijaribu mashine dakika tatu tu, mmoja wetu akilala kitandani badala ya mgonjwa. Mara nyingi alilala Papa Mbuyi, kwa sababu mistari yake ilikuwa mfano wetu. Akifumba macho, nyuma ya kichwa yalitokea mawimbi ya alfa, mapigo kama kumi kwa sekunde, sawa kabisa, na wanafunzi wote walijifunza neno normal kwa kichwa chake.

Jumatatu moja alfa ilikuwa imefifia. Na mbele ya kichwa, kulia na kushoto, mistari ilikuwa imejaa mawimbi madogo ya haraka, yamesongamana kama nyasi. Nilikagua vipimo na waya. Nilimtazama mtu, kama alivyonifundisha: hatafuni, hakunji uso. Alama ile niliijua. Ni Gardenali au Valium, na si kidonge kimoja cha jana.

Sikushangaa sana, na hilo lilinitisha. Majirani waliokula naye miaka yote walikuwa wameanza kumwambia arudi kwao. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule kwa watu wa asili ya Kasai, na kwao hapakuwa mahali pengine zaidi ya barabara ile ile. Nyumba yake ilikuwa imepigwa mawe mara mbili. Hakulala. Valium ilikuwa imeadimika, lakini Gardenali iliuzwa sokoni juu ya meza, kando ya sabuni.

"Namna gani, mukwe?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa mkubwa wangu, shemasi, mtu aliyewafukuza wanafunzi kwa kunusa tu pumzi zao. Nilimpenda kama baba yangu na niliona aibu kwa niaba yake.

"Normal, Papa."

"Andika."

Nikaandika kwa penseli nyekundu, nikakunja karatasi. Katika miaka yote ya kazi huo ndio uongo wangu wa pekee kwenye karatasi, na niliuita heshima.

Wiki chache baadaye mawe yalikuja mara ya tatu, na jumamosi moja familia yake ikahamia uwanja wa stesheni, pamoja na mamia ya wengine waliokuwa wakingoja treni ya kwenda Kasai. Alipita kwanza kazini kunikabidhi kabati la dawa. Tulikagua pamoja. Hakuna kidonge kilichopungua. Aliweka ufunguo juu ya kigoda, akatazama dirisha, mimi nikauchukua. Nikarudi nyumbani nikijivuna kwamba bwana mkubwa hakuiba hata kimoja.

Jumatatu jioni nilikuwa nasonga bukari, mwiko mkononi, ndipo nilipoelewa. Hakuchukua chochote. Pale stesheni anaishi chini ya turubai moja na mke na watoto na nusu ya kanisa lake. Hawezi kumeza kitu bila kuonekana, wala meza ya yule wa sabuni haiko karibu. Amekata. Mtu aliyenifundisha kutokata amekata, kwa aibu, na leo ni siku ya tatu. Bukari iliungua. Watoto wangu waliila hivyo hivyo.

Asubuhi nilimwendea daktari pekee aliyebaki. Nikamwambia mgonjwa wetu wa Gardenali anasafiri mbali na ameachwa bila dawa. Tukapanga pamoja namna ya kuishusha. Akasaini, hakuuliza jina, na mpaka leo sijui kama alijua.

Kisha nikachukua karatasi ya jumatatu ile. Nilikata neno normal kwa penseli nyekundu. Chini nikaandika: "Mawimbi ya haraka. Gardenali." Nikaandika juma kwa juma kiasi cha kumeza, kikipungua kidogo kidogo, mistari kumi na minne mpaka sifuri. Mwisho: "Tunapunguza, hatukate." Nikafunga vidonge ndani yake.

Nilimkuta amekaa juu ya kreti, shati limepigwa pasi, Mungu anajua na makaa ya nani. Mbele yake sanduku la bati, kando mkewe, Mama Thérèse, anachambua maharage. Nilimtazama mtu. Jasho usoni na asubuhi ilikuwa baridi. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake.

"Mukwe, umekuya," akasema.

"Nimekuya kuwasalimia, Papa."

Watu walikuwa kila upande. Ningesema kwa sauti, angekataa. Nani asingekataa, mbele ya mke na waumini? Akishakataa, mlango ungefungwa, na siku ya nne ilikuwa imeshafika. Nikaweka kifurushi juu ya sanduku la bati. Nikaenda hatua tano, nikageukia reli, nikasimama hapo natazama mabehewa matupu.

Hakuchukua. Nilimsikia nyuma yangu akiongea, sauti kavu. Ule uji, nisizidishe chumvi. Kalamu ya tano inavuja, niifunge na pamba. Nikajibu ndiyo Papa, ndiyo Papa, na mgongo wangu ulikuwa umelowa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya yule mtu wa nondo. Kisha nikasikia karatasi ikichakarisha, na sauti ya Mama Thérèse:

"Hii ni nini? Iko karanga?"

Si alikuwa na haki? Nusu ya karanga za mji huu zilikuwa zinafungwa kwa vichwa vya wagonjwa wetu.

Kikombe kilikuwa kimeacha kugonga.

"Acha, Mama," Papa Mbuyi akasema. "Ni ya bukwe."

Kwa neno hilo hakuna mwanamke wa kwao wala wa kwetu ambaye angeendelea kufungua. Niligeuka. Kifurushi hakikuwa juu ya sanduku, na mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna.

Treni ilichelewa siku nyingine kumi na moja. Nilirudi mara mbili, tukaongea juu ya chumvi na kalamu. Hakuanguka. Mikono yake ilitulia kiasi. Kuhusu kifurushi hakusema neno, nami sikuuliza, na siku mabehewa yalipoondoka alinipungia kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa umembeba mjukuu. Hatukuonana tena. Mnapokutana na mgonjwa wa namna yake, na mtakutana naye, huenda amevaa koti jeupe kuliko la kwenu, msinifuate katika ile jumatatu ya uongo. Nifuateni stesheni. Na msingoje mpaka stesheni.

Zaidi ya mwaka ulipita. Mashine ilikufa, nikawa natoa sindano na kufunga vidonda kama wengine. Siku moja mama mfanyabiashara, ametoka Mbujimayi kule Kasai na vumbi la safari bado miguuni na bahasha mkononi, akauliza kama mimi ndiye Odette wa kichwa. Nikanyoosha mkono. Akakataa kunipa.

"Alisema nisikupatie mu mukono. Niweke chini, niende."

Akaweka bahasha juu ya benchi, akaenda kweli.

Ndani kulikuwa na karatasi yangu tu, imechakaa kwenye mikunjo. Upande wa kushoto wa kila juma palikuwa na mstari mfupi uliochorwa kwa kalamu, alama ya kwamba limekwisha. Niliisoma mistari hiyo kama nilivyofundishwa, bila haraka, tangu mwanzo. Wa kwanza ulitetemeka kama nyasi. Wa pili na wa tatu hivyo hivyo. Katika wa sita palikuwa na doa, na pembeni ameandika "vibaya", lakini hakuruka juma. Kuanzia wa tisa mkono ulianza kutulia. Wa kumi na nne, kando ya sifuri, ulikuwa umenyooka kabisa, safi, kama ulipigwa na rula, na hakutumia rula, nilimjua.

Nilitafuta penseli nyekundu katika droo, nikaichonga. Chini ya mstari huo nikaandika normal.